Orodha ya Kisanduku cha Mnarani

Wenzangu mnaobaki redioni, mwezi uliopita mliniaga kwa keki, kitenge na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu hakuna aliyetaja kisanduku cha mnarani. Nimeona nikitaje mwenyewe. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na havikumsumbua mtu, mshahara tuuache upumzike. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya mlango mmoja nilioufunga vizuri kupita kiasi, hadi nikajifungia nje mbele ya padre mpya, kwaya mbili na parokia nzima. Naandika nikiwa barazani kwangu hapa Bukoba, na nimecheka peke yangu kiasi kwamba jirani ameniuliza mara mbili kama niko salama.

Niliingia redioni nikitokea kwenye kazi ya nyaya za simu. Barua ya kuitwa kazini iliandikwa "ripoti ofisini", kwa hiyo siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino na blauzi ya kanisani. Fundi mkuu alikuwa Ishengoma. Tulimwita Ta Ishengoma, maana kwetu Wahaya mwanaume wa heshima hupewa hiyo Ta kabla ya jina, kama mimi nilivyokuja kuitwa Ma Koku umri uliposogea. Alinipakia kwenye gari bila maelezo, tukaenda hadi mlimani Muleba kwenye mnara wetu. Akaviangalia viatu vyangu, akauangalia mnara, akaviangalia viatu tena. Halafu akatoa mfukoni kifuko cha kahawa kavu ya kutafuna, ile anayopewa mgeni akifika nyumbani, akaniwekea punje mbili kiganjani.

"Karibu waitu," akasema, yaani karibu mwenzetu. "Kahawa tafuna. Viatu vua."

Nilipanda pekupeku. Nilipofika juu nikaliona ziwa lote na visiwa vyake, nikasahau kuogopa, nikaanza kuimba. Ta Ishengoma akapiga kelele kutoka chini kwamba redio ina watangazaji wa kutosha, mimi nikaze boliti. Hiyo ndiyo ilikuwa semina elekezi yangu.

Mfuko wake wa kazi niliubeba miaka mingi kabla haujawa wangu. Ndani kulikuwa na bisibisi saba, koleo mbili, chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, ambacho umeme ukikatika alikichomeka kwenye makaa ya mama lishe, kipande cha kanga cha kufutia vumbi, na daftari. Kwenye daftari hakuandika kilichoharibika. Aliandika kilichokuwa kinafanya kazi, na kilivyokuwa siku hiyo, kila kipimo na kila rangi ya waya. Nilipomuuliza sababu akasema kitu kibovu hujitangaza chenyewe, ila kizima hakuna anayekumbuka kilikuwaje. Daftari hilo ninalo hadi leo, na kurasa zake zina madoa ya lubisi, pombe yetu ya ndizi, ambayo alikunywa huku akipima.

Kisha kikaja kisanduku. Kilikuwa na ukubwa wa misale, kile kitabu cha misa cha altareni, taa nne za kijani, na kazi yake ilikuwa kupokea sauti kupitia mtandao na kuikabidhi kwa mtambo wa mnarani. Kabla yake, ukitaka kubadilisha chochote ulipanda mlima. Baada yake, ulifungua ukurasa kwenye kompyuta, popote ulipo ndani ya mtandao wetu, ukabonyeza, na mlimani kikabadilika. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Siku ya kwanza nilikaa mezani Bukoba, nikapunguza sauti ya mnara wa Muleba kidogo, nikaipandisha, nikaipunguza, hadi msikilizaji mmoja wa Nshamba akapiga simu kuuliza kama mtangazaji anabembea.

Ukurasa ule ulikuwa na alama ya kufuli pale juu kwenye anwani, na kufuli ile ndiyo iliyotupumbaza. Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Kufuli ile inasema kwamba mazungumzo yenu, wewe na kifaa, hayasikilizwi na mtu wa tatu njiani. Haisemi nani anaruhusiwa kubisha hodi. Yeyote aliyeunganishwa kwenye mtandao wetu, hata kwa simu yake ya mkononi, aliweza kuuona ukurasa ule ukimwomba neno la siri. Nalo neno la siri tulikuwa tumelibandika ukutani studio kwa herufi kubwa, tusije tukalisahau.

Sasa mjue Georgina. Wengi wenu mnamfahamu kwa sauti yake, maana ndiye anayesoma matangazo ya vifo na harusi, na pia ndiye anayepokea wageni pale mlangoni. Georgina ana moyo wa dhahabu na vidole visivyotulia. Mchana mmoja, akisubiri zamu yake ya kusoma, simu yake ikafungua ukurasa wa kisanduku, akaandika neno la siri la ukutani, akaingia. Akaona neno la Kiingereza lenye maana ya nguvu, na mshale pembeni. Akaona nguvu yenyewe iko nusu tu. Akawaza kwamba ndiyo sababu shangazi yake wa visiwani husema hamsikii vizuri. Akaupandisha mshale hadi mwisho, akaweka simu mezani, akaanza kusoma.

"Marehemu atazikwa kesho nyumbani kwake," alisoma kwa ile sauti yake ya huzuni tamu, "saa..."

Hapo mtambo wa mnarani ukazidiwa nguvu, ukajizima kujilinda. Hakuna aliyesikia saa ngapi. Na ninyi mnajua watu wetu na misiba. Kuchelewa maziko ni aibu ya ukoo, kwa hiyo kila mmoja alichagua saa iliyo salama zaidi. Kesho yake alfajiri wafiwa waliamka wakakuta uani watu zaidi ya mia, wamevaa, wamekaa, wanasubiri, na kuku hawajafunguliwa hata banda. Maziko yalikuwa saa tisa alasiri. Walilishwa mara mbili.

Familia ilikuja kulalamika, ikaombwa radhi, ikaondoka na punje za kahawa na tangazo la shukrani la bure. Mimi nilitaka kubadilisha neno la siri tu tuendelee na maisha. Ta Ishengoma akakataa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alikuwa amesoma kitabu cha kisanduku kurasa zote, hata zile za Kijerumani ambazo hakuzielewa.

"Neno la siri lina miguu," aliniambia. "Leo unamwambia mmoja, Ijumaa liko sokoni. Tuandike orodha."

Akanifundisha. Kila mashine kwenye mtandao ina anwani yake ya namba. Ndani ya kisanduku kuna mahali pa kuandika anwani za wanaoruhusiwa kuufikia ukurasa wa kukisimamia. Ukishaandika na kuhifadhi, mashine iliyomo inafunguliwa mlango, na ambayo haimo inakataliwa hata kabla ya kuulizwa neno la siri. Haioni ukurasa, haioni chochote. Akanisisitizia mambo mawili huku akinigonga begani kwa kalamu. Kwanza, kabla ya kuhifadhi orodha jiandike wewe mwenyewe juu kabisa, maana ukijisahau kisanduku hakitakuhurumia. Pili, acha dirisha ulilotumia likiwa wazi, halafu jaribu kuingia upya kwa dirisha jingine. Ukikataliwa kwenye la pili, bado unalo la kwanza la kurekebisha. Mafundi wengi wamepanda milima kwa kusahau hilo la pili.

Nikaandika anwani ya kompyuta ya mezani kwangu, na ya Ta Ishengoma. Nikahifadhi, nikajaribu, ikafunguka. Nikaenda kujaribu kwa simu ya Georgina, ikakataliwa. Nikarukaruka pale ofisini. Kosa langu lilikuwa kueleza sababu ya kuruka.

"Kwa hiyo kuna orodha," alisema dereva.

"Ni orodha ya mashine tu."

"Ya walioruhusiwa."

"Ndiyo, lakini..."

"Na mimi simo."

Mnaocheka ni wale ambao si wa huku. Kwetu kuachwa kwenye orodha, iwe ya harusi, ya kamati au ya ugeni wa askofu, ni jambo ambalo wajukuu watasimuliwa. Dereva alikuwa amenibeba hadi mlimani miaka yote, katika tope na mvua. Ningemwambiaje kwamba kisanduku kilichopandishwa mlimani kwa gari lake hakimtaki? Nikaandika anwani ya simu yake. Jioni hiyo mhasibu akaja na mkungu wa ndizi, akasema hakuna shida, ameusogeza tu karibu na meza yangu. Nikamwandika. Meneja hakuomba, alikohoa tu akipita, nikamwandika. Mtangazaji wa michezo aliomba awe juu ya dereva, na mimi, Mungu anisamehe, nikamsogeza juu ya dereva. Georgina alikuja wa mwisho, macho chini, akasema anajua hastahili, nikamwandika huku nikifuta machozi.

Ta Ishengoma akaja kukagua kazi yangu baada ya wiki tatu. Alisoma orodha kimya kutoka juu hadi chini. Kisha akavua miwani akacheka hadi akalazimika kushika ukuta.

"Ma Koku," akasema alipopata pumzi, "hapa umeandika kamati ya harusi. Sasa niambie, nani amezuiwa?"

Nikahesabu wafanyakazi wote kichwani. Aliyezuiwa alikuwa mpishi wa chai, na ni kwa sababu hakuwa na simu.

Nikafuta wote siku hiyo hiyo. Ta Ishengoma akasema na yake niifute, kwa kuwa anaondoka. Ikabaki anwani moja, ya kompyuta ya mezani kwangu. Nikabadilisha na neno la siri, nikatunga moja kwa hasira na furaha, sikulibandika popote, nikajiona nimekuwa fundi kamili. Ofisi ikanuna kwa mwezi. Georgina alileta senene wa kukaanga, wale panzi wetu watamu, wa kwanza wa msimu, akagawa meza kwa meza, akairuka yangu. Iliniuma. Nilimpenda Georgina na nilipenda senene, na sikuweza kuwa na vyote viwili pamoja na mnara salama.

Basi miaka ikaenda. Ta Ishengoma alirudi kwao karibu na Nshamba, kulima kahawa na kutengeneza redio za majirani. Kisanduku kikawa kitulivu kama mtawa. Georgina alinisamehe kwa kiasi, ila kila tulipopishana mlangoni kwangu alikuwa akiinua mikono yote miwili juu, kuonyesha kwamba hajagusa kitu.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza wiki chache kustaafu, Ta Ishengoma alinipigia simu. Jirani yake Ma Paskazia, mjane, alikuwa na mtoto wa mwisho aitwaye Novatus ambaye amepewa daraja la upadre. Misa yake ya shukrani ingefanyika parokiani kwao Jumapili. Ma Paskazia alikuwa ameteleza shambani akavunjika nyonga. Yuko kitandani, daktari amekataa asinyanyuliwe hata kwa machela. Kanisa liko kilima cha pili kutoka nyumbani kwake, na hataliona.

"Wamemwambia watampigia simu wakati wa misa, wamwekee sikioni," alisema Ta Ishengoma. "Amekataa. Anasema simu ni ya mtu mmoja, mwanawe ni padre wa watu wote. Anataka kumsikia redioni, na majirani wakisikia."

"Tutarusha moja kwa moja," nikasema papo hapo, bila kumuuliza meneja wala mtu mwingine.

"Kuna jambo jingine. Huyu Novatus tangu mtoto hajui kuimba. Mama yake alimfundisha mwenyewe, jioni kwa jioni, akimenya ndizi. Anachosubiri ni kusikia kama ataimba zile sala za mwanzo au atazisema tu."

Nilikata simu nikiwa na kazi moja ya mwisho ambayo nilitaka iende sawa kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilizunguka ofisini nikiimba.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Kanisa liko karibu na mnara kuliko studio ya Bukoba, kwa hiyo sauti ya misa ingetoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye kisanduku. Kwa kawaida kisanduku husikiliza studio. Siku hiyo ningefungua ukurasa wake kwa kompyuta yangu ndogo ya mkononi, nikiwa pale kanisani, nikibadilishe kisikilize Nje badala ya Studio. Kubonyeza mara moja. Ijumaa nilikaa mezani kwangu nikajaribu kukibadilisha mara kumi, kikatii mara kumi. Nikaandika kwenye daftari: kizima.

Jumapili ofisi yote ilihamia parokiani, hata mpishi wa chai. Aliyebaki Bukoba ni Georgina peke yake, wa kutia miziki ya dini hadi misa ianze. Hakulalamika, lakini aliniambia kwamba gauni lake alikuwa ameshalishona.

Kanisa lilijaa hadi watoto wakakaa madirishani. Nje maandamano yalikuwa yamejipanga, wenye mishumaa mbele, mapadre nyuma, na Novatus mwisho kabisa, mrefu, amevaa kanzu nyeupe, midomo inacheza kwa sala au kwa woga. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na kompyuta yangu ndogo juu ya ngoma ambayo haikuwa na zamu. Sauti zote zilikuwa sawa. Ta Ishengoma akapiga simu kutoka kwa Ma Paskazia: redio iko dirishani, majirani wamejaa hadi kwenye migomba, mama ameegemezwa mito, wanasikiliza muziki wa studio. Nikamwambia dakika moja tu. Nikafungua ukurasa wa kisanduku.

Nikakataliwa.

Sikuombwa neno la siri, sikuona ukurasa, nilipewa ule weupe mtupu niliokuwa nimewapa wengine kwa miaka yote. Nikajaribu tena. Nikaiwasha kompyuta upya huku nikisali. Ndipo nikaelewa, na nywele zikanisimama chini ya kitambaa. Orodha ilikuwa na anwani moja, ya kompyuta ya mezani kwangu Bukoba. Orodha haijui watu. Haikujua kwamba huyu aliye nyuma ya nguzo, aliyeiandika kwa mkono wake, ndiye Ma Koku mwenyewe. Iliona mashine ngeni, ikaifungia. Na mimi Ijumaa niliujaribu mlango mara kumi nikiwa nimekaa ndani ya nyumba.

Mnajua nilichofanya? Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Mwalimu wa kwaya akaniangalia kwa hofu, nikamfanyia ishara ya mkono kwamba avute muda. Akaelewa vibaya kidogo, akaanzisha wimbo wa kuingilia wenye beti saba. Maandamano yakaanza kusogea. Mimi nikapiga simu studio.

"Georgina, toka hapo, nenda mezani kwangu."

"Mezani kwako?" Sauti yake ilishuka. "Ma Koku, niko mbali na meza yako, naapa, sijagusa kitu."

"Ndiyo, sasa nataka uguse. Washa kompyuta. Fungua ukurasa wa kisanduku, uko kwenye alama ya mnara."

Nikasikia viti vikisogezwa, pumzi, kisha vitufe vikibonyezwa. Ubeti wa tatu ulikuwa unaanza na msafara umeshafika katikati ya kanisa.

"Umefunguka," Georgina akanong'ona. "Mawe, mama yangu! Umenifungukia. Unaomba neno la siri."

Hapo nikakumbuka neno la siri. Nilitazama altare, nikatazama sakafu, hapakuwa na msaada.

"Andika jina lako," nikasema.

"Langu? Langu mimi?" Sauti yake ikalainika ghafla. "Ma Koku, miaka yote hiyo umeniweka kwenye neno la siri?"

"Andika tu, waitu. G kubwa. Halafu bila kuacha nafasi, andika..." Nikafumba macho. "Andika asiguse."

Ubeti wa nne ukaisha. Nilimsikia Georgina akivuta pumzi upande wa pili, nikajua amenipoteza, na Ma Paskazia amempoteza Novatus, yote kwa sababu ya ulimi wangu wa zamani.

"Hiyo A," akasema Georgina taratibu, kwa sauti ileile ya matangazo ya vifo, "ni kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

"Na mwishoni kuna kitu?"

"Alama za mshangao."

"Moja?"

"Tatu."

Kukawa na mlio mfupi, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akapaliwa, na mimi nikacheka nyuma ya nguzo hadi mzee wa kanisa akaja kunisogezea kiti. Mbele msafara ulikuwa umefika altareni, na mwalimu wa kwaya, ambaye nitamwombea hadi kufa kwangu, aliniona bado nina simu sikioni, akarudia ubeti wa kwanza.

"Nimeingia," Georgina akasema. "Kuna Studio na kuna Nje. Kuna na ile nguvu yangu, naiona."

"Chagua Nje. Bonyeza hifadhi. Usiguse kingine."

"Hilo nimeshaandika kwa mkono wangu, Ma Koku."

Akabonyeza. Kwenye kiredio changu cha mfukoni muziki wa studio ukakatika, na nikasikia kwaya ile ile niliyokuwa naisikia kwa masikio, ikichelewa kidogo, ikitoka mlimani. Niliruka. Nasema niliruka, mwanamke wa miaka sitini, kanisani, karibu na ngoma.

Kwaya ikanyamaza. Novatus akainua mikono. Ta Ishengoma alikuwa hewani kwenye simu yangu nyingine, na bila kuambiwa alikuwa ameisogeza simu yake karibu na kitanda cha Ma Paskazia. Novatus akafungua kinywa, na akaimba. Kwa jina la Baba, akaimba, na la Mwana, akaimba, na hapo kwenye Mwana sauti ikapanda mahali isipopaswa kwenda, ikashuka kwa kuteleza, ikasimama. Kanisa likaitikia amina kwa nguvu kana kwamba linamshika mkono asianguke.

Kwenye simu nikamsikia Ma Paskazia.

"Pale pale," alisema, akilia na kucheka. "Pale pale anapokosea tangu ana miaka sita. Huyo ni wangu, jamani. Huyo ni wangu."

Na majirani wote kwenye migomba wakapiga vigelegele, nikavisikia vikitokea kilima cha pili kwa sikio langu lisilo na simu.

Jumatatu niliingia ofisini mapema nikaweka sahani ya senene mezani kwa Georgina. Msimu haukuwa wao, nilikuwa nimewatafuta kwa watu wanaowahifadhi. Akala mmoja, akaniuliza kama anaruhusiwa kugusa wa pili.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki na hotuba, nilifanya kazi moja ambayo ninyi hamkuiona. Nilimwita Georgina mezani kwangu. Nilifungua orodha nikaandika anwani ya kompyuta ya mapokezi, juu kabisa. Akasoma namba, akaitambua, akaniuliza ameandikwa wa ngapi. Nikamwambia wa kwanza. Alikaa kitini akajipepea kwa karatasi za matangazo. Kijana mliyempata badala yangu ameshaandikwa wa pili, na neno jipya la siri wanalijua wao wawili. Nilikataa kuambiwa.

Halafu nikamwambia Georgina aende kwenye kompyuta yake, aingie kwenye ukurasa, ahakikishe umefunguka, kisha aifute anwani ya meza yangu na kuhifadhi. Akarudi kwa hatua ndogo kuniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia agume, ajikaze. Akaenda. Nikasikia kidole chake kikigonga kutoka mapokezi, mara moja tu, taratibu.

Nikafungua dirisha la pili, kama nilivyofundishwa, nikajaribu kuingia. Nikakataliwa. Nikapiga kelele za furaha hadi mkaja kuangalia, na mkadhani nalilia kustaafu.